Uzi: Kwenye noti za maadili ya kompyuta, senga yuko wapi?

Mwalimu_Kampala

Habari zenu wanajukwaa, poleni na mvua. Naandika Kiswahili makusudi maana najua humu tuko wa Gulu, wa Bombo, wa Busia na ndugu zetu Wakongo walioko Mbarara, sitaki mtu aachwe nje. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Nafundisha maadili ya kompyuta mwaka wa tatu, chuo kimoja hapa Kampala, jina naliacha. Kozi nimeirithi, na ukizisoma noti zake utakuta nadharia mbili ndo zimebeba kila kitu: ya manufaa, ile ya wanafalsafa Bentham na Mill, kwamba jambo jema ni lile linaloleta faida kubwa kwa watu wengi, na ya wajibu, ya Kant, kwamba kuna mambo hufanyi hata kama yana faida, na mtu usimtumie kama chombo tu. Mwishoni kuna nusu ukurasa wa Aristotle. Basi. Miaka 6 nimefundisha hivyo na wanafunzi wanapasi.

Jumanne iliyopita stima ikapotea, projekta ikazima, nikasema tufanye kwa mdomo. Nikawapa kisa ambacho kila mtu anakijua, apu ya mikopo ya simu. Unaomba 50,000 unarudisha 65,000 ndani ya siku 7. Ukiiweka kwenye simu inaomba ruhusa, majina yote uliyohifadhi, meseji, picha, mahali ulipo, na wewe unabonyeza kubali kubali kubali maana mtoto amefukuzwa shule kwa ajili ya karo na huna muda wa kusoma. Ukichelewa siku 2, watu walioko kwenye simu yako wanaanza kupata meseji. Nikauliza, kuna kosa gani hapa?

Wakajibu vizuri tu, kama noti zinavyosema. Mmoja akapiga hesabu ya manufaa, wengi wanapata pesa za haraka, wachache wanaaibika. Mwingine akaleta Kant, akasema ridhaa ya mtu aliyebanwa si ridhaa. Nikafurahi. Afu dada mmoja wa nyuma kabisa, ambaye tangu semesta ianze sijawahi kusikia sauti yake, akasimama akasema mimi ni mmoja wao. Alikopa hizo 50,000 mwaka jana akachelewa. Meseji ikamfikia senga yake huko Masaka, dada wa baba yake, ikisema huyu msichana ni mwizi anatafutwa, na namba ya kulipia iko hapo chini. Senga hakupiga simu kuuliza. Aliuza mbuzi, akamtuma mtoto wa jirani akalipe, deni likaisha. Huyu dada akaja kujua Krismasi alipofika kijijini, akakuta watu wa nyumbani hawamtazami machoni, na senga ambaye kwa desturi ndiye wa kukaa naye na kumfundisha mambo ya ndoa hamuiti tena chumbani kwake.

Afu akasema hivi, mpaka leo naisikia: mwalimu, nimesoma noti zote, hakuna mahali panaposema senga ni nani.

Nimekaa na hilo neno wiki nzima. Kant angeweza kumuona senga, ni kweli, ametumiwa kama fimbo ya kumchapia mtu mwingine. Bentham naye angemhesabu, uchungu wake ungeingia kwenye jumla. Lakini wote wawili wangemuona kama mtu mmoja aliyesimama peke yake, na kilichovunjika pale ni kitu kilichokuwa kati ya senga na binti yake. Kwenye noti zangu hicho kitu hakina jina. Kwa Luganda kina jina, obuntubulamu, Kiswahili tunasema utu. Mtoto wa miaka 10 hapa Kampala anajua akiambiwa hana obuntubulamu ameambiwa nini, na mimi nimesimama mbele yao miaka 6 kana kwamba walikuja darasani mikono mitupu.

Nataka kubadilisha kozi kabla semesta haijaisha. Naomba mawazo, hasa mnaoandika programu za watu kila siku.

Dev_Ntinda

Mwalimu heshima yako. Nitasema bila kuzunguka. Niliwahi kufanya kazi kampuni ya mikopo, si lazima iwe hiyo. Sehemu ya kusoma majina yaliyohifadhiwa kwenye simu niliiandika mimi. Nilipewa kama kazi nyingine yoyote, siku 2, nikaijaribu kwa simu yangu mwenyewe, ikasoma majina 412 ikayapeleka kwenye seva, nikaandika "imekamilika" nikaenda kula. Na chuoni nilisoma maadili nikapata alama nzuri. Siku hiyo sikumkumbuka Bentham wala Kant.

Kwahiyo ukiniambia dawa ni kuongeza nadharia tatu nne zaidi, naona hapana. Kama mbili hazikunisaidia, sita zitanisaidiaje? Kitu ambacho kingenizuia ni sheria. Sasa tunayo, ya ulinzi wa data na faragha ya 2019, kanuni zake zikatoka 2021, ofisi ya kuisimamia ipo. Inasema data ya mtu uichukue kwa mtu mwenyewe. Namba ya huyo senga ilipaswa kuombwa kwa senga. Fundisha vifungu, ongezea kanuni za maadili za 2018 za ACM, kile chama cha kimataifa cha watu wa kompyuta, falsafa waachie watu wa falsafa. Kijana akitoka hapo anahitaji kazi.

Mwalimu_Kampala

Asante ndugu yangu kwa kusema hivyo wazi, si wengi wangeandika. Na hapo pa kuichukua data kwa mwenyewe nakubali kabisa, sheria imemuona senga kuliko noti zangu zilivyomuona. Vifungu nitafundisha.

Ila naomba tuangalie jambo moja. Hiyo sheria ni ya 2019. Kijana aliyeandika programu kama hiyo 2016 alikuwa hana kosa? Na sheria inaweza kukosea yenyewe. Sheria yetu ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2011 ilikuwa na kifungu cha 25, mawasiliano ya kukera, watu wameshtakiwa kwacho na kufungwa. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikakifuta, ikasema kinapingana na Katiba. Sasa fikiria wewe ni fundi wa mifumo mwaka wa 2019, unaletewa karatasi, toa meseji za fulani kwa sababu ya kifungu cha 25. Ukiwa umefundishwa sheria peke yake huna cha kujiuliza hapo. Utatoa na utalala usingizi.

Kuhusu ACM, ni nzuri na ninaipenda, ila hiyohiyo ya 2018 inasema yenyewe kwamba si algorithimu ya kutatua maswali ya maadili, ni msingi wa kufikiria. Inakwambia usidhuru, inakwambia heshimu faragha, inakwambia fanya kwa manufaa ya jamii. Hayo matatu yakigombana ndani ya tiketi moja, yaani kazi moja uliyopewa kuandika, ya siku 2, unaanza na lipi? Hapo ndo nadharia inapoingia.

Na unisamehe nikiuliza, ulipoona yale majina 412 kwenye skrini, kuna jina lolote ulilisoma?

Dev_Ntinda

La mama. Liko juu kwa sababu nimelihifadhi na alama ya mbele. Nililiona. Sikufikiria kitu.

Nubi_wa_Bombo

Assalaam alaykum wote. Nimefanya kazi za dataseti miaka 11, nikasoma huu uzi mara mbili usiku.

Mimi nimelelewa na neno moja, amana. Mama yangu alikuwa anawekewa pesa na wanawake wenzake wa mtaa, sanduku la bati chini ya kitanda, kila bahasha ina jina. Kuna mwaka tulilala njaa siku mbili mfululizo na lile sanduku liko pale pale chini yetu. Hakugusa. Mimi mdogo nikamuuliza kwa nini tusikope kidogo tutarudisha, akasema hizi si zetu ni za watu, sisi tumewekewa tu.

Sasa angalia jinsi sisi mafundi tunavyoongea kuhusu data. Tunasema "data yetu", "wateja wetu", "aliridhia". Swali linakuwa alibonyeza kubali au hakubonyeza. Kwenye amana swali ni lingine, nimewekewa hiki kitu kwa ajili gani na nitakirudisha vipi kwa mwenyewe, na hata kama hajaniuliza mimi bado naulizwa. Ukianza na ridhaa, mzigo uko kwa mkopaji, asome kurasa 30. Ukianza na amana, mzigo uko kwangu mimi niliyeshika.

Kitu cha pili. Waislamu tumekatazwa ghiba, kumtaja ndugu yako kwa jambo asilopenda, hata kama jambo lenyewe ni kweli. Likiwa la uongo hilo ni kosa jingine kubwa zaidi. Kwahiyo meseji ikisema "fulani ana deni letu" na ni kweli ana deni, mwanasheria anaweza kukwambia ukweli ni kinga. Kwetu ukweli si kinga hapo. Na mwenye deni akiwa na shida, aya ya 280 ya Suratul Baqara inasema apewe muda mpaka apate wepesi. Mimi sisemi kila mwanafunzi awe Muislamu. Nasema ukiweka hii mezani darasa linapata swali ambalo halikuwepo, je habari ya kweli inaweza kuwa dhuluma?

Mwaka_wa_Tatu

Shikamoo mwalimu na wakubwa wote. Mimi ni mwanafunzi, si wa chuo cha mwalimu, ila kozi ni kama hiyohiyo. Mtihani wetu wa mwaka jana swali lilikuwa "taja na ueleze nadharia nne za maadili, alama 20". Nilipata 17. Nilikariri usiku na wiki iliyofuata vilikuwa vimeshatoka.

Nitasema kilichonifundisha mimi. Projekti yetu ilikuwa kamera ya mahudhurio, unaingia darasani inakutambua uso inakuweka tiki. Tulichukua modeli, yaani programu iliyokwisha kufunzwa kutambua nyuso, iliyo tayari kwenye intaneti tukaifunga mlangoni, darasa letu lina watu 34. Ilitambua 31. Tukaandika kwenye ripoti kwamba inafanya kazi vizuri na tukapewa alama nzuri. Wale 3 walikuwa ni walewale kila siku, wawili wa West Nile na mmoja ndugu yetu kutoka Sudan Kusini, ngozi zao ni nyeusi kuliko zetu. Mmoja anasimama mlangoni anavua kofia, anasogea, anarudi nyuma, anajaribu tena, nyuma yake foleni inamngoja na watu wanaguna. Mara nne. Siku ya tano akaacha kuja mapema, anaingia wa mwisho ili asionekane akijaribu. Sisi tulimwambia "usijali tutakuandika kwa mkono".

Nikaja kusoma baadaye utafiti wa 2018 wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru, walipima mifumo ya kampuni 3 ya kubashiri jinsia kwa uso, makosa kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifika asilimia 34.7 na kwa wanaume weupe hayakuzidi 0.8. Nikakumbuka mlango wetu. Kwa hesabu ya manufaa 31 kati ya 34 ni ushindi. Ila Rawls, mwanafalsafa wa haki ambaye sisi tulipewa kwa mistari mitatu, anauliza ungekubali mfumo huu kama usingejua utazaliwa nani? Ningeulizwa hivyo mwezi wa pili wa projekti nisingeifunga pale mlangoni. Hakuna aliyeniuliza. Fomu ya maadili tulijaza siku ya kukabidhi, dakika 5.

Mama_Gulu

Mwanangu Mwaka wa Tatu, umeandika vizuri, na huyo mwenzako nenda ukamwombe msamaha kama bado.

Mwalimu, mimi nakuunga mkono ila nataka kukushika mkono kidogo kwenye hiyo obuntubulamu, maana naona watu tutaipokea kwa furaha bila kuichunguza. Nimefanya kazi ya kumbukumbu za wagonjwa muda mrefu, kituo sitakitaja. Kulikuwa na binti wa miaka 22, amepimwa ameambukizwa. Mama mkwe wake alikuwa anamjua kila mtu pale. Akaja dirishani kwangu, kwa upole kabisa, akasema mwanangu sisi ni familia moja, huyu ni wetu, niambie ili tumtunze. Na nina hakika sehemu ya moyo wake ilikuwa inasema kweli. Ningemwambia, binti angerudishwa kwao wiki hiyo hiyo bila watoto wake.

Sasa mwanafunzi wako ukimfundisha kwamba sisi Waafrika mtu ni watu, jamii kwanza, huyo binti anampoteza. Pale dirishani mtu aliyenisaidia alikuwa Kant, ingawa jina lake nilikuwa silijui, kwamba huyu msichana ana haki yake mwenyewe ambayo si ya ukoo. Kwahiyo fundisha zote mbili ziangaliane. Obuntubulamu inamuona senga ambaye Kant anampita haraka. Kant anamuona binti ambaye jamii inataka kumla.

Na usisahau maadili ya kujali, nadharia aliyoianzisha Carol Gilligan 1982. Inaanzia chini kabisa, nani hapa anamtegemea nani, nani ataumia akiachwa. Binti alikuwa ananitegemea mimi, mtu wa dirishani, kuliko alivyomtegemea daktari. Hakuna mwandishi wa programu aliyewahi kuniuliza ni nani husimama kwenye dirisha langu, na mfumo waliotuletea ulikuwa unaonyesha jina na matokeo kwenye skrini moja, herufi kubwa, skrini inatazama benchi la wagonjwa. Nikawa naifunika na kanga.

Mwalimu_Kampala

Mama, hiyo kanga itaingia kwenye noti, kama unaniruhusu.

Mama_Gulu

Itumie. Usitaje wilaya.

Busia_Mpakani

Mimi sikusoma chuo, ni wakala wa pesa za simu hapa Busia, naruhusiwa kuchangia? Nina kitu.

Kuna siku nilifunga hesabu jioni floti, yaani pesa ya kazi iliyoko kwenye simu, ikapungua 380,000. Nikapiga namba ya wateja, nikaambiwa mfumo haukosei, angalia wewe umempa nani. Nikarudia, nikaambiwa hivyohivyo. Mke wangu akaanza kunitazama vingine, ndugu aliyenipa mtaji akaanza kupita dukani bila sababu. Kilichoniokoa ni daftari, mimi kila muamala naandika kwa kalamu na mteja anaweka sahihi, watu walikuwa wananicheka. Wiki 3 baadaye zikarudi, muamala mmoja ulikatwa mara mbili. Hakuna aliyesema pole. Zilirudi tu usiku na meseji ya kawaida.

Ndo kijana mmoja wa hapa akanisimulia kisa cha posta ya Uingereza. Mfumo unaitwa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu, kuanzia 1999. Wenye matawi madogo ya posta waliambiwa pesa zimepungua, wameiba, zaidi ya 900 wakahukumiwa kati ya 1999 na 2015, wengine walifungwa, wengine waliuza nyumba. Na kila mmoja aliambiwa ni wewe peke yako mwenye shida hii. Kumbe ni mfumo. Mpaka 2024 bunge lao ndo likapitisha sheria ya kufuta hukumu zao kwa mkupuo.

Swali langu kwa wasomi. Ni nadharia gani inamfundisha fundi kuamini kwamba kazi yake mwenyewe inaweza kuwa imekosea? Maana yule wa kwenye simu hakuwa mtu mbaya, sauti yake ilikuwa ya heshima.

Mwalimu_Kampala

Ndugu, wewe ndiye wa kuchangia kabla yetu. Jibu langu ni ile nusu ukurasa ya Aristotle ninayoikimbia kila mwaka. Anasema tabia njema haipatikani kwa kuijua, inapatikana kwa kuifanya mara nyingi mpaka iwe mwili wako, kama fundi wa kujenga anavyokuwa fundi kwa kujenga. Mtu hawi mnyenyekevu mbele ya mfumo wake kwa sababu amekariri maana ya unyenyekevu. Kwahiyo kuanzia wiki ijayo kila mwanafunzi wangu ataandika kila Ijumaa kosa moja la programu yake mwenyewe, nani lingemuumiza, na atalisoma kwa sauti. Daftari lako la kalamu nimelielewa hivyo, ni tabia.

Mama_Gulu

Na kuhusu kutosema pole. Kwetu Acholi kuna mato oput, desturi ya kupatanisha. Ni ya mauaji, jambo zito, sitaki kuishusha iwe ya apu. Ila utaratibu wake una funzo, aliyekosa anakiri kwanza, ukweli wote unasemwa, fidia inalipwa, afu pande mbili zinakunywa ule mzizi mchungu pamoja. Pesa kurudi usiku kimyakimya kwetu haihesabiki kuwa imeisha.

Mkongo_Mbarara

Bonjour na jambo kwenu. Mie nashukuru kwa hii mazungumzo, ila nauliza kitu. Mwalimu, usiandike kwenye slaidi moja "maadili ya Kiafrika" na ukamaliza. Katiba yenu yenyewe imeandika makabila zaidi ya 50, na sisi tuliokuja tumeleta mengine. John Mbiti, Mkenya aliyefundisha Makerere miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, ndiye aliyetupa ile fikra inayojulikana sana, kwamba nipo kwa sababu tupo. Ni nzuri. Lakini "sisi" ni nani? Mie nimeishi mahali ambako "sisi" ilikuwa na mpaka, na mimi nilikuwa upande wa pili. Alama zangu za vidole na mboni za macho ziko kwenye mashine, niliziweka ili nipate chakula, ridhaa yangu ilikuwa na njaa. Utu ukifundishwa, ufundishwe na swali la mgeni ndani yake.

Dev_Ntinda

Nimesoma vyote. Sikiliza, ninaelewa sasa kuliko nilivyoelewa asubuhi. Ila bado kuna kitu hakijakaa. Kila mtu hapa amekuja na yake, amana, utu, kujali, Kant, mzizi mchungu. Mwanafunzi akitoka hapo si atasema basi kila mtu na maadili yake, nichague inayonifaa? Kuna ule utafiti wa magari yanayojiendesha uliochapishwa 2018, majibu kama milioni 40 kutoka nchi na maeneo 233, wakakuta watu wa sehemu tofauti za dunia wanachagua tofauti nani aokolewe. Kampuni ikisoma vile itasema sawa, huku Uganda tufanye hivi, kule tufanye vile, kila soko na maadili yake. Hiyo itatuumiza sisi kwanza, maana huku ndo watasema mahitaji yetu ni madogo.

Mwalimu_Kampala

Hofu yako ni ya kweli, nimeikuta kwa wanafunzi, nadharia inageuka kuwa wakili wa kukodi.

Ninavyoona mimi ni hivi. Kuhesabu watu wanapendelea nini ni kura, na kura haikwambii sababu. Nadharia inakulazimisha kutoa sababu na kuibeba mpaka mwisho. Chukua kisa chetu. Amana inaikataa ile meseji kwa sababu kilichowekwa kimetumiwa kwa jambo jingine. Kant anaikataa kwa sababu senga amefanywa fimbo. Utu unaikataa kwa sababu jina la mtu ni la nyumba nzima. Hata Bentham ukimpa hesabu kamili, mbuzi wa Masaka na Krismasi iliyoharibika viwe ndani, sidhani faida inabaki. Njia zinatoka pande nne zinakutana hapo. Mwanafunzi akiona hivyo hawezi kusema ni maoni tu.

Afu kuna mahali zinaachana. Senga anapaswa kujua lolote kuhusu deni? Kant atasema hapana, ni la binti. Utu unaweza kusema ndiyo, ukoo unabebana. Kwenye SACCO zetu tumelitatua zamani, mdhamini anakuja mwenyewe na miguu yake, anasoma, anaweka sahihi, anajua ataitwa. Apu ilichukua wazo la mdhamini ikaondoa ile sehemu ya kumuuliza. Sasa mwambie mwanafunzi aandike upya: namba ya mdhamini inapokea meseji kwanza, "fulani anaomba umdhamini 50,000, jibu 1 kukubali, 2 kukataa", akikataa namba inafutwa na mkopaji hajui kama alikataa au hakujibu. Hiyo ni kazi ya siku 2 pia, Dev. Na hapo kwenye "mkopaji hajui" tulibishana na mwenzangu ofisini saa nzima, yeye anasema kumficha ni uongo, mimi nasema ni kumlinda senga. Darasa likae hapo, wiki mbili kama inabidi.

Wiki ya kwanza sitataja mwanafalsafa hata mmoja. Kila mtu alete neno la lugha yake, la mtu anayeaminika na la mtu asiyefaa, na alete ugomvi mmoja wa nyumbani ulioamuliwa vizuri. Afu tukutane na akina Kant tukiwa na kitu mkononi. Na swali la Mkongo, "sisi ni nani", litaandikwa ubaoni semesta nzima.

Mtihani nao nabadilisha. Rasimu ndo hii: "Kampuni ya mikopo inataka mdhamini kwa kila mkopo. Chagua nadharia mbili zinazotofautiana kuhusu kisa hiki. Sema utajenga nini, na useme nani ataumia kwa uamuzi wako. Alama 20." Irekebisheni.

Mwaka_wa_Tatu

Hiyo siwezi kuikariri usiku mmoja. Ila mwalimu, utasahihishaje haki kama majibu hayafanani?

Mwalimu_Kampala

Alama nyingi zitakuwa kwenye hiyo sehemu ya nani ataumia. Anayesema hakuna, hapati.

Nubi_wa_Bombo

Ongeza: "na utamwambia nini." Kujua ataumia haitoshi, mwenye amana yake lazima aambiwe.

Busia_Mpakani

Na mfumo ukikosea? Weka hapo mtu apige simu wapi na apokewe na nani.

Dev_Ntinda

Mimi naomba Jumanne moja, dakika 40. Nitakuja na ile tiketi ilivyokuwa, mistari mitatu, bila jina la kampuni. Wanafunzi waione jinsi inavyofika mezani, haina neno senga, haina neno aibu, imeandikwa tu "soma majina, tuma seva". Wajaribu kuona kilichomo.

Mwalimu_Kampala

Karibu sana ndugu yangu, Jumanne saa nne asubuhi, nitakutumia maelekezo inbox. Yule dada nimemuomba ruhusa kabla ya kuandika huu uzi na nitamuomba tena kabla hujaja, akisema hapana tutasogeza.

Swali sasa linasomeka hivi: "Kampuni ya mikopo inataka mdhamini kwa kila mkopo. Chagua nadharia mbili zinazotofautiana kuhusu kisa hiki. Sema utajenga nini, nani ataumia kwa uamuzi wako, utamwambia nini, na mfumo wako ukikosea apige simu wapi na apokewe na nani. Alama 20."